Kazi ya sayansi ya mwanafunzi: swali ndogo yenye kupimika inapita mada kubwa

Kila mwaka, wakati wafinalisti wanaanza kutafuta mada ya kazi yao, mambo ni yale yale, ikuwe Goma, Bukavu, Butembo, Uvira ao Bunia. Kijana anafika kwa mwalimu na karatasi yenye kuandikwa «Tatizo ya maji katika muji wa Goma» ao «Matokeo ya kukata miti katika Kivu ya Kusini». Mwalimu anasoma, anamurudishia, anamuambia apunguze. Kijana anarudi na kichwa chenye maneno mengi zaidi, lakini hakuna kitu kimepunguka. Wiki zinapita. Kwa mwisho, wengine wanatafuta kazi ya mwaka uliopita, wanabadilisha jina la muji na tarehe, wanalipa feza ya kuandikisha na kuchapisha, na kazi inaenda kulala ndani ya armware.

Hasara si ya mwanafunzi peke yake. Muzazi ametoa minerval, ametoa feza ya kopi na ya transpore. Na kata yenye mwanafunzi anaishi inakosa jibu ya jambo ambalo pengine linaisumbua kila siku. Mara nyingi, shida haiko akili ya kijana, na haiko ukosefu wa labo. Shida ni kwamba hakuna mutu alimuonyesha namna ya kutoka kwenye mada na kufika kwenye swali.

Mada si swali

Mada ni shamba nzima. Swali ni fasi yenye mutu anapiga jembe leo. «Maji ya Goma» ni mada: ndani yake kuko mambo ya ziwa, mabomba, bei ya bidoni, kolera, mvua na volkano. Hakuna mwanafunzi anaweza kuyamaliza yote kwa miezi 3, hata profesa hawezi.

Swali ya sayansi ni ile yenye mutu anaweza kujibu kwa kupima, kuhesabu ao kulinganisha. Iko na alama 4. Ya kwanza, kuko kitu kimoja chenye mwanafunzi anabadilisha. Ya pili, kuko kitu kimoja chenye anapima. Ya tatu, mambo mengine yote yanabaki sawasawa. Ya ine, na hii njo wengi wanasahau: mbele ya kupima, jibu inaweza kuwa ndiyo ao hapana.

Swali kama «Je, maji machafu ni mabaya kwa afya?» haina alama hata moja. Kila mutu anajua jibu mbele kazi haijaanza. Sasa mutu aangalie hii: «Je, maji ya mvua yenye kutoka kwenye mabati yanakuwa na uchafu kidogo kama mutu anaacha dakika 10 za kwanza zipite mbele ya kuweka bidoni?» Hapa kitu kinachobadilika ni wakati wa kuanza kukinga. Kitu cha kupima ni uchafu wenye kushuka chini ya chupa nyeupe ikikaa siku moja bila kutikiswa, na rula ya shule inatosha. Mabati ni yale yale, mvua ni ile ile. Na jibu inaweza kushangaza, juu kuna nyumba zenye mabati yamejaa vumbi na majivu, na kuna zingine zenye mabati safi.

Ile kazi haitasema kama maji ni ya kunywa, juu microbe haionekani kwa macho. Itasema kitu kimoja tu, juu ya uchafu wenye kuonekana. Lakini itakisema kwa haki.

Somo kutoka Kikwit mpaka Beni

Namna swali inavyopunguzwa na kunolewa, watu wa Beni na Butembo waliiona kwa macho yao, hata kama wengi hawakuijua kwa jina hilo.

Mwaka 1995, Ebola iliingia Kikwit. Watu 315 waligonjwa na karibu 8 kwa 10 walikufa. Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye alikuwa tayari ameona ugonjwa huo Yambuku mwaka 1976, na wenzake walijiuliza: damu ya mutu aliyepona, je, inaweza kumusaidia mwenye kugonjwa? Waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Wagonjwa 7 wakapona.

Mutu wa kawaida ataona kwamba jibu imepatikana. Wanasayansi wengi hawakukubali, na hawakuwa na ubaya. Wale 8 walipewa damu wakati epidemi ilikuwa inaelekea mwisho, na matunzo yalikuwa yameanza kuwa mazuri. Pengine wangepona hata bila ile damu. Nani angejua? Hakukuwa kundi lingine la kulinganisha nalo. Hesabu ilikuwa ya kweli, lakini swali ilikuwa bado haijakamilika.

Miaka zaidi ya 20 kisha, Ebola ikafika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Safari hii swali iliandikwa namna ingine. Kutoka Novemba 2018 mpaka Agosti 2019, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi 4, kila kundi na dawa yake. Kitu cha kupima kilikuwa kimoja: katika siku 28, wangapi wamekufa? Jibu ilitoka wazi. Kwa dawa mbili, karibu nusu ya wagonjwa walikufa. Kwa zile zingine mbili, walikufa karibu moja kwa tatu. Moja ya zile mbili nzuri, yenye kuitwa mAb114, ilitengenezwa kutoka damu ya mutu aliyepona Kikwit mwaka 1995.

Basi wazo la Kikwit halikuwa mbaya. Lilikosa tu ulinganishaji. Mwanafunzi hatatafuta dawa ya Ebola, lakini sheria ni ile ile: mutu asiseme «hii inasaidia» bila kuonyesha «kuliko nini».

Mufano kutoka jikoni: maharagi na makala

Mufano mwingine uko karibu zaidi. Mwanafunzi wa biokimia anataka kuandika juu ya makala. Ni jambo la lazima: katika miji ya Kivu, jamaa nyingi zinapika na makala, bei inapanda, na sehemu ya makala hiyo inatoka ndani ya musitu wa Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Lakini «Makala na uharibifu wa mazingira» ni shamba nzima.

Anaanza kupunguza. Katika nyumba yao, chakula gani kinakula makala mingi? Maharagi. Mama yake wakati mwingine anayaweka ndani ya maji usiku kucha mbele ya kupika, wakati mwingine hapana. Jirani anasema kuweka ndani ya maji kunasaidia, shangazi anasema ni kupoteza wakati. Watu wawili wenye akili, majibu mawili. Pale njo swali inazaliwa: «Je, maharagi yenye kulala ndani ya maji saa 12 yanatumia makala kidogo kuliko yale yenye hayakulala ndani ya maji, na tofauti ni gramu ngapi?»

Mambo anayohitaji yote yako muji: mizani ndogo ya kuazima kwa muuzaji, saa ya telefone, mbabula moja, sufuria moja yenye kifuniko. Ananunua maharagi ya aina moja kutoka gunia moja, juu maharagi ya zamani yanakawia kuiva kuliko mapya. Anapima gramu 500 mara mbili mbele ya kitu chochote kugusa maji, juu maharagi yakisha kunywa maji yanakuwa mazito na kipimo kinaharibika. Nusu moja inalala ndani ya maji kuanzia saa mbili ya usiku mpaka saa mbili ya asubuhi. Nusu ingine inabaki kavu.

Sasa, «kuiva» maana yake nini? Kama kila mara mutu mwingine anaonja, kila mutu atasema yake. Ni lazima kuandika kanuni mbele ya kuwasha moto. Kwa mufano: kila dakika 10 anatoa punje 10 na kuzibonyeza kwa vidole, siku punje 9 zinapasuka bila nguvu, hayo maharagi yameiva. Kanuni hiyo haibadiliki mpaka mwisho.

Makala nayo iko na mitego yake. Inapimwa mbele ya kuwasha. Ile yenye kubaki haizimwi na maji, juu makala yenye kulowana ni nzito na itadanganya. Inafunikwa ndani ya sufuria ya zamani bila hewa mpaka ikufe, kisha inapimwa ikiwa baridi. Na kazi yote inafanyika inje, juu moshi ya makala iko na gazi yenye kuua ndani ya nyumba yenye kufungwa, bila harufu ya kumuamsha mutu.

Kuna jambo lingine la watu wa milima. Kitabu kinasema maji yanachemka kwenye digrii 100. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1500 juu ya bahari, na pale maji yanachemka karibu digrii 95. Butembo, yenye iko juu zaidi, ni chini ya hapo kidogo. Uvira, kando ya Tanganyika, ni karibu 97. Mwanafunzi mwenye kungojea termometa ifike 100 atangoja mpaka maji yaishe. Ile njo sababu moja maharagi yanakawia kwenye milima. Na hapo kuko swali ya mwaka ujao kwa mwanafunzi mwingine: chakula kile kile, kinakawia dakika ngapi zaidi Butembo kuliko Uvira?

Anapika mara 3 kwa kila namna, jumla mara 6. Mara moja haitoshi, juu siku moja kuko upepo, siku ingine makala ni ya majimaji. Anabadilisha pia nani anatangulia, juu mbabula yenye imesha kupata moto inasaidia chakula cha pili. Kwa mwisho ana jedwali ya mistari 6, na kilo 3 za maharagi ambazo jamaa imekula. Kama tofauti ni kubwa, ana habari ya kupelekea kila mama wa kata. Kama ni ndogo, hiyo pia ni habari, na hakuna sababu ya kubadilisha namba ili zipendeze direkta wa kazi.

Wakati swali ndogo inaokoa miguu

Mutu anaweza kucheka: maharagi, hiyo ni sayansi? Historia ya ugonjwa wa konzo inajibu.

Konzo ni ugonjwa wenye kulemaza miguu ya watoto na wamama zaidi, kwa rafla, na haurudi nyuma. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938, katika Kwango. Jina lenyewe, kwa luga ya Wayaka, linaonyesha miguu yenye kufungwa. Unatokea fasi zenye watu wanakula mihogo mikali yenye haikutengenezwa vizuri, na chakula kingine kama samaki, nyama ao maharagi kinakosa. Sumu ya ndani ya mihogo, ile ya sianidi, njo inaleta hatari. Mwaka 2011, waganga waliandika juu ya kutokea kwake hata Burhinyi, katika Kivu ya Kusini.

Miaka ya 1990, watafiti wenye kufanya kazi na daktari Banea katika Bandundu ya zamani waliuliza swali ambayo kila mama angeweza kujibu: mihogo inalala ndani ya maji siku ngapi? Walikuta kwamba fasi zingine watu walikuwa wamepunguza siku hizo, hasa tangu biashara ya mihogo kuelekea Kinshasa kuwa kubwa. Siku zikipunguka, sumu yenye kubaki inaongezeka. Swali ilikuwa ya kuhesabu siku tu, lakini ilionyesha mulango.

Kisha swali ingine ikafuata: je, kuna namna ya kupunguza sumu hata kisha mihogo kuwa unga? Howard Bradbury, mwanakemia wa Australia, alionyesha kwamba unga ukichanganywa na maji na kutandazwa kama kipande chembamba, saa 2 kwenye jua ao saa 5 kwenye kivuli, sehemu kubwa ya sumu inatoka kama hewa. Kisha wamama wanapika bugali kama kawaida. Kuanzia 2010, njia hiyo ilijaribiwa na wamama wa kijiji cha Kay Kalenge, katika Kwango, na wakati huo wa kazi hakukuonekana mugonjwa mupya wa konzo.

Mwanafunzi wa Walungu ao wa Mwenga anaweza kuchukua kipande kidogo cha jambo hilo: «Mihogo yenye kumenywa na ile yenye ngozi, ipi inalainika mbele ndani ya maji, na kisha siku ngapi?» Hapa lazima awe mwaminifu. Kulainika si uhakikisho kwamba sumu imeisha. Sumu inapimwa na vifaa vya labo, na kazi yake isiseme zaidi ya kile alichopima. Na asimuonjeshe mutu yeyote mihogo mikali kwa kujaribu.

Maswali ya kuacha

Kuko maswali yenye kuvutia lakini ni ya kuacha. Mazuku ni mufano wa kwanza. Watu wa Goma na Sake wanaijua: gazi karbonike yenye kutoka chini ya udongo, ni nzito kuliko hewa, inalala ndani ya mashimo na kuua nyama na watoto. Hakuna mwanafunzi anapaswa kushuka ndani ya shimo kuipima. Kazi hiyo ni ya watu wa Observatwari ya volkano ya Goma, wenye vifaa na mazoezi. Mwenye kupenda jambo hilo anaweza kuomba kufanya kazi kwa namba zenye kupimwa tayari.

Ya pili ni maswali juu ya magonjwa ya watu. Kuuliza jirani kama ana SIDA ao kifua kikuu, kuandika jina lake, kupiga picha ya mutoto mugonjwa, hayo yanahitaji ruhusa na watu wa afya. Karatasi yenye majina ikipotea, shida haitamupata mwanafunzi peke yake.

Ya tatu ni maswali yenye kuomba safari. Swali yenye kumulazimisha kijana kupita kila wiki barabara yenye haina usalama si swali nzuri, hata kama ni ya akili sana. Vita ikikata njia, kazi inakufa katikati. Inafaa kuchagua kitu chenye kupimika kwenye parsela, shuleni, sokoni ao kwenye shamba ya karibu.

Ya ine ni maswali ya kuuliza maoni tu. Kupitisha karatasi kwa watu 50 na kuandika kwamba 40 «wanafikiri» maji ni machafu kunaonyesha fikra za watu, hakuonyeshi hali ya maji. Mambo hayo mawili ni tofauti.

Swali inapatikana wapi

Watu wengi wanatafuta swali ndani ya vitabu. Vitabu ni vya lazima, lakini kwa kisha, ili kujua wengine wamefika wapi. Swali yenyewe inapatikana mara nyingi fasi zenye watu wawili wanabishana, kama ile ya maharagi; fasi zenye kitu kinaharibika kila mara, kama nyanya zenye kuoza sokoni mbele ya siku 3; ao fasi zenye watu wanafanya kitu kila siku bila kujua sababu, kama kutia majivu ndani ya maharagi ya kuhifadhi.

Namna moja rahisi ni daftari ya wiki moja. Kila siku, mwanafunzi anaandika mambo 3 aliyoyaona na kujiuliza «juu ya nini?» ao «ngapi?». Kwa siku 7 atakuwa na 21. Mengi yatakuwa ya kutupa. Yatabaki 2 ao 3, na hayo njo anapelekea mwalimu, pamoja na kuuliza kama kuna mutu mwingine amesha kuyajibu. Katika Mashariki kuko fasi za kuuliza: kituo cha Lwiro kwa sayansi ya viumbe, INERA Mulungu kwa kilimo, kituo cha hidrobiolojia cha Uvira kwa ziwa, na maktaba za iniversite. Si kila mara mulango utafunguka, lakini mwenye kufika na swali fupi anasikilizwa kuliko mwenye kufika na mada ya mistari 4.

Mbele ya kupeleka karatasi kwa direkta, swali inaweza kupitishwa kwenye mitihani 5 hii:

1. Inaandikwa kwa mustari mumoja, na mama wa soko anaielewa bila kufasiriwa.
2. Inasema wazi kitu gani kinabadilishwa na kitu gani kinapimwa, kwa gramu, dakika, milimetre ao hesabu.
3. Vifaa vyote vinapatikana, na feza yake inajulikana tayari.
4. Inaisha kwa wakati uliobaki, hata kama wiki 2 zinapotea kwa mvua ao kwa usalama mudogo.
5. Jibu ikiwa «hapana», kazi bado ina maana.

Wazazi nao wako na sehemu yao. Kijana akiomba kuazima mizani ao kupika maharagi mara 6, si muchezo. Na walimu, wakati wanasema «punguza», wanaweza kuongeza neno moja lenye kusaidia kuliko mengine yote: «Utapima nini?» Mwanafunzi mwenye kuweza kujibu hilo kwa neno moja anaweza kuanza kazi kesho asubuhi.